Namba Aliyoikariri Bi Haloo

Mtaa mzima ulimwita Bi Haloo, na yeye hakuona ubaya. Ujana wake wote na sehemu kubwa ya utu uzima aliumaliza kwenye swichibodi ya hospitali kubwa, akiunganisha kwa simu madaktari na wodi, wodi na maabara, wenye msiba na wenye furaha ya mtoto. Alipostaafu alirudisha kiti na vyombo vya masikioni, lakini sauti ya kazini akaondoka nayo. Hata leo, jirani akimpigia kuuliza kama ana chumvi ya kuazima, Bi Haloo huitikia kama vile upande wa pili kuna mgonjwa mahututi.

Kazi ile ilimwachia mambo mawili aliyojivunia kuliko pensheni. La kwanza ni kichwa cha kukariri namba. Namba ikishapita mbele ya macho yake imekaa, na huing'oi. La pili ni sikio. "Uso unapakwa poda," alipenda kusema, "sauti haipakwi." Aliamini kwamba mtu akiongea naye kidogo tu kwenye simu, atajua kama ni mkweli au tapeli, mtulivu au mkorofi. Na tuseme haki, mara nyingi alipatia. Ubaya wa kupatia mara nyingi ni kwamba mtu husahau kuwa anakisia.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu. Kimoja alilala yeye. Cha pili alilala binti yake, mwoka mikate, pamoja na mwanawe wa kike ambaye kwa maneno yake ya kikubwa walimwita Bibi Mdogo. Cha tatu, cha mbele, kilikuwa cha kupangisha. Mlango wake ulifungukia sebuleni, kwa hiyo mpangaji akienda kuoga anapita na taulo lake mbele ya watu wanaokula. Chumba cha namna hiyo huwezi kumpa kila mwenye kubisha hodi.

Somo hilo walilipata kwa mpangaji wa kwanza, kijana mtanashati, mwingi wa salamu. Hakuna aliyemuuliza katoka wapi. Siku moja walirudi kutoka mazikoni wakakuta kaondoka na pasi, mapazia ya sebuleni pamoja na vyuma vyake, na sufuria iliyokuwa jikoni na maharage ndani. Sufuria haikurudi, wala maharage. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na tangu hapo Bi Haloo akaweka sheria: haingii mtu chumba cha mbele mpaka yeye mwenyewe aongee kwa simu na watu wawili wanaomfahamu.

Sheria ilifanya kazi. Kuna bwana mmoja alimpa namba ya bosi wake, akaomba ruhusa atoke nje mara moja. Bi Haloo alipopiga, akapokea bosi mwenye sauti nzito sana, na nyuma ya sauti ile akasikia mbwa wa jirani yake mwenyewe akibweka. "Bosi," alimwambia, "mwambie mfanyakazi wako akichoka kusimama hapo ukutani aje achukue kofia yake. Chumba kimepata mtu." Kisa hicho alikisimulia mpaka mjukuu wake akakijua kwa moyo.

Ndipo akaja msusi.

Alikuwa mwanamke wa makamo ya binti yake, mwembamba, na begi moja. Alikuwa ameanza kazi kwenye saluni ya kona, na huko ndiko aliposikia habari za chumba. Alipofunguliwa mlango hakuangalia kitanda wala kabati. Alishika komeo, akalisukuma, akalirudisha. "Hili linafungika kwa ndani?" aliuliza. Kisha akatikisa nondo za dirisha. Bi Haloo alifurahi, akasema moyoni, huyu ni mtu mwangalifu kama mimi.

"Sasa, mwanangu, nipe watu wawili wanaokujua."

Wa kwanza alikuwa mwenye saluni, naye alisema kwenye simu kwamba binti ni mchapakazi, ila wamejuana juzi juzi tu. Wa pili hakupatikana.

"Sina, mama," msusi alisema.

"Kila mtu ana mtu."

"Mimi nina mama yangu tu. Ni mgonjwa, sitaki asumbuliwe."

Bi Haloo akaeleza sheria, taratibu lakini bila kulegea. Msusi akaitikia kwa kichwa, akachukua begi lake, akaomba maji ya kunywa kabla ya kuondoka. Maji alipewa uani na mwoka mikate, aliyekuwa ndio kwanza katoka kazini na unga kwenye mikono. Wawili wale walikaa huko muda mrefu kuliko glasi moja ya maji. Waliporudi, binti alikuwa na macho mekundu.

"Mama, mpe chumba. Mtu wa pili ni mimi."

"Wewe umemjulia wapi?"

"Namjua sasa hivi. Nakuomba."

Binti yake hakuwa mtu wa kuomba. Hata ndoa yake ilipovunjika, akarudi na mtoto mgongoni, hakuomba chochote zaidi ya mahali pa kulala. Bi Haloo akakubali shingo upande. Lakini sheria iliyopindishwa ilimkaa kama punje ya mchanga kwenye kiatu.

Na mpangaji alikuwa mzuri, hilo halina ubishi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilichukua mwenyewe siku ya kwanza. Alifagia uwanja, alianika nguo, na jioni alimweka Bibi Mdogo katikati ya magoti yake akamsuka huku akisikiliza umbea wote wa darasa lake. "Anti, usivute," mtoto alisema, "kichwa changu kina mawazo." Nyumba ikacheka tena kama zamani.

Ila kulikuwa na mambo. Hodi ikipigwa, msusi huingia chumbani kwake na komeo likasikika. Hakukaa kibarazani. Kutoka saluni hadi nyumbani ni hatua chache, lakini leo alirudi kwa njia ya mbele, kesho kwa uchochoro wa nyuma. Bi Haloo aliyaona yote, na kama ilivyo kawaida ya watu wenye sheria, aliyasoma kwa upande mmoja tu: anayejificha ana alichokiiba.

Siku moja msusi aliomba simu. Ya kwake, alisema, aliiacha alikotoka. "Nimpigie mama yangu tu, sitachelewa." Bi Haloo akampa, akabaki kwenye mlango wa jiko akijifanya anapepeta mchele. Hakuwa na nia ya kuiba namba. Macho yake yalifuata kidole gumba cha yule mwanamke kama yalivyofuata vidole maisha yake yote, na namba ikaingia, ikakaa. Akasikia, "Mama, ni mimi. Niko salama." Mengine yalisemwa chini chini. Simu iliporudi, Bi Haloo aliangalia: namba ilikuwa imefutwa.

Alijizuia. Tumpe haki yake, alijizuia siku kadhaa. Kilichomshinda ni maneno ya mjukuu. Walikuwa wanamenya viazi, Bibi Mdogo akasema kwa fahari, "Bibi, mtu akiniuliza njiani nani anakaa kwetu, mimi najua kujibu. Nasema hakuna mtu. Anti kanifundisha."

Kumfundisha mtoto uongo, ndani ya nyumba yake. Asubuhi iliyofuata, binti akiwa kwenye mikate na msusi akiwa saluni, Bi Haloo alikaa kitako, akajiweka sawa, akabonyeza ile namba kutoka kichwani.

Alipokea mwanamume.

"Habari za asubuhi. Naomba kuongea na mama."

"Nzuri, mama yangu. Amelala, hajisikii vizuri. Mimi ni mkwe wake. Nani mwenzangu?"

Sauti ilikuwa ya chini, ya adabu, bila haraka. Sikio la Bi Haloo likatulia. Akaeleza kwamba yeye ni mama mwenye nyumba, ana mpangaji wa kike, msusi, na kwa usalama wa familia anataka tu kujua ni mtu wa namna gani.

Kisha akasikia pumzi inakatika.

"Yuko hai?"

"Yuko hai na mzima, baba."

Yule mwanamume akalia. Hakulia kwa kelele. Alilia kama mtu anayeficha kilio chake kwenye kiganja. Akaomba radhi. Akasema waligombana kwa jambo dogo, la kijinga, akatoka kazini akakuta nyumba tupu. Amezunguka hospitali zote. Amefika mpaka vyumba vya maiti, akafunuliwa nyuso za watu asiowajua.

Maneno hayo ndiyo yaliyommaliza Bi Haloo. Miaka yote ile aliwaunganisha watu na chumba cha maiti, akasikia wanavyomeza mate kabla ya kuuliza. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakulisema kwa mtu. Binti yake aliporudi nyumbani na mtoto, Bi Haloo alikaa na simu mapajani akisubiri mkwe wake apige, hata kutukana tu. Hakupiga. Mwanawe aliachwa kama kiatu kilichokatika kamba. Sasa huyu hapa mwanamume anayemlilia mkewe.

"Sikuombi uniambie yuko wapi," ile sauti ilisema. "Akipumzika atarudi mwenyewe. Ila usimwambie kwamba tumeongea. Ana aibu, ataondoka tena, na safari hii sijui ataangukia kwa nani."

Hakuuliza. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna Bi Haloo baadaye kuliko yote. Hakuuliza, alipewa.

"Baba, wagombanao ndio wapatanao," alimwambia. "Njoo. Mtaongea mbele yangu." Akamwelekeza kutoka stendi mpaka saluni ya kona, na kutoka saluni mpaka geti la bluu. Alielekeza vizuri, kwa utulivu, kama alivyofunzwa kazini. Alipokata simu alijisikia mwepesi, akafua hata mashuka yasiyokuwa machafu. Hakumwambia binti yake. Alitaka iwe furaha ya ghafla.

Mwanamume alifika Jumamosi alasiri, shati limepigwa pasi, na pipi za mtoto mfukoni. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba, karibu, karibu ndani." Alikunywa chai. Alisifu nyumba. Aliuliza mlango wa nyuma unatokea wapi, na Bi Haloo akamjibu. Akakaa kwenye kochi lililotazama mlango wa mbele, na Bibi Mdogo akakaa kando yake akihesabu pipi.

Msusi aliingia na kikapu chake cha vitana. Hakupiga kelele. Alisimama, akamtazama mtoto, akatazama mkono wa mumewe uliokuwa umelala juu ya kichwa cha mtoto, kwenye mistari ya nywele aliyoisuka yeye.

"Bibi Mdogo," alisema, "nenda nyumba ya jirani ukacheze. Sasa hivi, mpenzi. Pitia uani."

Mtoto akatoka. Ndipo akamgeukia mumewe. "Umekuja."

"Nimekuja kukuchukua."

"Kaeni kwanza," Bi Haloo alisema, "tuongee kama watu wazima. Ndoa ni..."

"Tutaongea nyumbani, mama," mwanamume akasema.

Sauti ilikuwa ile ile, ya chini, ya adabu. Haikupanda wala kukwaruza. Kilichobadilika ni uso, na Bi Haloo hakuwa amezoea kusoma nyuso. Hata hivyo ule aliusoma. Msusi akaingia chumbani kufunga begi.

Bi Haloo alimfuata. Yule mwanamke alikuwa anakunja nguo, anazikunja na kuzikunjua.

"Nani alimwambia?"

"Mimi. Nilipiga ile namba. Nilitaka kuongea na mama yako."

"Niliifuta."

"Nilikuwa nimeshaikariri."

Msusi akakaa kitandani kidogo, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba wa mbali. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Mwanangu, kama hutaki kwenda, sema. Nitaita majirani."

"Watakuja," msusi alisema, "watatukalisha, watatuambia tupatane, wataenda kula. Kama ulivyotaka kufanya wewe. Na yeye atakuwa anapajua hapa, na mtoto yumo humu. Mimi namjua, mama. Niache niende naye akiwa bado anatabasamu."

Alitoka na begi lake moja. Mumewe akalipokea, akamshukuru Bi Haloo kwa chai, akafunga geti kwa upole. Bi Haloo alisimama kibarazani. Watu walikuwa wanapita, muuza mkaa alikuwa pale pale, saluni ilikuwa wazi na wanawake tele ndani. Angeweza kupiga yowe moja. Hakupiga. Alijiambia labda amekosea kuusoma ule uso, na alijua anajidanganya.

Mwoka mikate aliporudi aliuona mlango wa chumba cha mbele uko wazi, na komeo limening'inia. "Yuko wapi?"

Bi Haloo alimwambia yote. Alipomaliza, binti yake alikaa chini sakafuni, na unga wake.

"Siku ile uani alinionyesha mgongo wake," alisema. "Mama, sijui nikwambieje. Kuna mahali nyama imeshikana upya. Alisema mara ya mwisho mumewe alimwahidi kwamba akiondoka tena atamzika."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinisihi. Alisema, mama yako ni mtu mwema, lakini ni mtu wa kupiga simu."

Wakakimbia stendi. Mabasi ya kule alikotoka msusi yalikuwa yameshaondoka. Wakaenda polisi, na askari wa zamu, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliwasikiliza mpaka mwisho. "Aliondoka kwa miguu yake?" Ndiyo. "Na mume wake wa ndoa?" Ndiyo. "Kuna aliyemwona akipigwa?" Bi Haloo akasema aliuona uso wa yule mume. Askari akaweka kalamu chini. "Mama, mtu haendi mahabusu kwa sababu ya uso." Aliandika aliyoweza kuandika, akaahidi kuwapigia wenzake wa kule. Ile simu ya mama wa msusi, aliyoipokea mumewe, ilikuwa imezimwa. Bi Haloo aliipiga jioni ile, na kesho yake, na kila alipopata nafasi ya kushika simu.

Majuto ni mjukuu, na ya Bi Haloo yalikaa nyumbani kama mjukuu kweli, yakila naye na kulala naye. Watu walikuja kuulizia chumba, akawajibu hakipangishwi. Kisa cha bosi na mbwa hakukisimulia tena. Binti yake aliongea naye habari za unga, maji na sare ya shule, basi. Bibi Mdogo alikataa kufumuliwa nywele. Misuko ikachakaa, ikawa na vumbi, na kila aliposhikwa kichwa alisema anamsubiri anti.

Halafu simu ikaita, asubuhi, akiwa peke yake. Namba aliijua kabla hajaisoma yote. Akapokea kwa mikono miwili.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, yenye kikohozi.

"Samahani kukusumbua, mama mwenzangu. Hunijui. Mwanangu alinipigia kwa namba hii, yule msusi, nami niliiandika karatasini nikaifuta kwenye simu."

"Ndiyo," Bi Haloo alisema. "Ndiyo, mama."

"Sikuweza kukushukuru mapema. Yule mume wake alikuja akaninyang'anya simu, akakaa nayo mchana na usiku akisubiri mwanangu apige. Leo nimeamka nikaikuta kizingitini, kairudisha bila neno. Nadhani amekata tamaa, ashukuriwe Mungu." Akakohoa, akacheka kidogo. "Mwanangu aliniambia kapata nyumba ya mama mmoja mkali. Akasema, mama, hapa hapaingii mtu, yule bibi hamfungulii mlango mtu asiyemjua. Siku ile nililala usingizi ambao sijaulala miaka. Basi nipe niongee naye, japo kidogo. Au yuko kazini?"

Bi Haloo alitazama mlango wa chumba cha mbele. Alitamani kusema yuko kazini. Neno lilikuwa pale pale mdomoni, jepesi, na lingempa yule mzee usingizi wa siku moja zaidi.

"Hayupo, mama," alisema. "Mumewe alikuja kumchukua."

"Alipajuaje?"

"Nilimwelekeza mimi."

Kikohozi kilikoma.

"Alikutishia?" mzee akauliza. Alikuwa anamtafutia sababu, na hilo lilimuuma Bi Haloo kuliko tusi lolote.

"Hapana, mama. Hakunitishia. Alilia, nami nikamwamini."